Jogoo wa Kahe

Mwanangu,

Sisi huku Moshi wazima. Baridi ya mwezi wa sita imeshika, mlima hatujauona wiki nzima, na goti la mama yako linamsumbua kama unavyojua.

Umeuliza swali fupi. Wenzako wa kazini wanakwenda Longido mwezi wa nane, wiki nzima, kujenga na kukarabati nyumba za kijijini. Kila mmoja anachanga laki moja na nusu, nauli juu yake. Uende mwenyewe, au utume hela waajiri fundi? Mama yako kasema nikujibu kwa neno moja, nisikuandikie hadithi. Sasa mimi nakuuliza: mwenye nyumba ameulizwa?

Usicheke. Najua mmechoka na hilo swali langu, wewe na dada yako. Lakini hamjawahi kusikia nililitoa wapi.

Mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Nino, dada yako anatambaa, wewe hata hujafikiriwa, kwaya yetu ya vijana iliitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, kwenda kusaidia huko chini Kahe. Unapajua palivyo tambarare, maji ya mlimani yanashukia kwao. Nyumba za fito na udongo zilikuwa zimelowa chini mpaka zimepiga magoti. Tulikwenda na lori la baba yako mkubwa, lile lile, tukiimba njia nzima.

Mimi na wenzangu watatu tulipangiwa nyumba ya bibi mmoja anayeishi na wajukuu. Kuta kwaya ilishazisimamisha, kenchi ziko juu, kazi yetu sasa ni kuezeka. Fundi alikuwa mmoja kwa nyumba tatu. Kabla hajaondoka alisema neno moja tu: msumari wa bati unapigwa mgongoni, siyo bondeni. Akashuka ngazi akaenda zake.

Basi mimi, mwalimu wa hesabu, mwaka wa tatu kazini, nikaona fundi hajafikiri vizuri. Ukipiga mgongoni, bati linabonyea na msumari unapinda. Bondeni bati limelalia papi, ile mbao ya kupigilia, nyundo moja mbili, umemaliza. Nikapiga bondeni upande mzima, safu kwa safu, nikiwacheka wenzangu wa upande wa pili kwa uzembe wao. Halikunijia kabisa kwamba bondeni ndiyo njia ya maji.

Jioni tulikula makande, tukaomba, na yule bibi akanikabidhi jogoo, miguu imefungwa kwa ganda la mgomba. Jogoo mwekundu, mzito. Bibi yako alimsifia wiki nzima.

Masika iliyofuata nilipita kule kwa shughuli nyingine, nikasema nikamsalimie. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimkuta amekaa upande mmoja wa chumba, upande wa wenzangu, na kitanda kimehamishiwa huko. Upande wangu ulikuwa wa vyombo: sufuria mbili, karai, kopo la mafuta, beseni la watoto, kila kimoja chini ya tone lake. Nilisimama mlangoni nikisikiliza mlio wa kila chombo. Akanikaribisha, akasema, "Mwalimu, Mungu awabariki, mlitujengea." Hakusema lingine. Mtu amekupa bure, utamdai?

Nilimwahidi nitarudi na lami niyazibe matundu. Nilirudi baada ya miezi mitatu. Ualimu, shamba, udhuru haukosekani. Nikakuta paa limeshatengenezwa. Mjukuu wake ndiye aliyeniambia, kitoto cha darasa la pili hakijui kuficha: bibi aliuza mbuzi akamlipa fundi. Yaani msaada wangu wa bure ulimla mbuzi, na jogoo juu yake.

Hilo sijawahi kumwambia mama yako. Sasa atasoma.

Kwa hiyo unaweza kudhani nakwambia utume hela. Hapana. Au ngoja, labda ndiyo. Laki moja na nusu ikifika mkononi mwa fundi wa hapo hapo kijijini ni siku kadhaa za kazi safi, na msumari utakaa mgongoni. Lakini bila sisi yule bibi angebaki kwenye darasa la shule alikokuwa amehifadhiwa, na hizo kuta zisingesimama kwa michango peke yake. Tulibeba maji kwa ndoo, tulikanyaga udongo. Na hela haiwezi kukaa na mtu ikamwuliza anataka mlango utazame wapi.

Tena huko Longido jambo lina uzito wake. Kwa Wamasai nyumba ni kazi ya mama. Yeye ndiye anayechomeka miti, anayekandika udongo na samadi, na mvua ikipenya ndiye anayepanda juu kuziba. Mkifika mkakaa kikao na wazee chini ya mti, mkanywa chai, mkagawana kazi, mtakuwa mmeomba ruhusa kwa kila mtu isipokuwa fundi mwenyewe. Hao wenzako wamelifikiria? Wanapeleka bati? Unene wake geji ngapi? Nani atapiga misumari, na nani atarudi masika kuangalia? Waulize, halafu uniandikie walivyojibu.

Nilijiwekea tangu mlipomaliza chuo kwamba sitawaamulia mambo yenu, na sitaanza leo, ingawa mama yako hapa anasema uso wangu umeshajibu.

Basi la Arusha linapita hapa. Ukishuka, nyundo ya babu yako iko stoo, nyuma ya debe la mahindi. Mpini umelegea, iloweke kwenye maji usiku mmoja kabla hujaitumia.

Baba yako