Monita usiifunge kwenye seva hiyohiyo unayoilinda, mimi yalinikuta

Mkuu simama hapohapo. Usiifunge humo, yaani usiisakinishe humo hiyo monita, programu ya kuangalia kama saiti zako ziko hewani.

Umesema una VPS (seva ya kukodi) moja ya RAM 4GB, ndani yake kuna saiti sita za wateja na imeili zao, na sasa unataka humohumo uongeze Uptime Kuma, ndiyo monita yenyewe, kwa Docker (inayoendesha kila programu ndani ya kontena lake) maana umeona video inasema ni kazi ya dakika kumi. Halafu umeuliza ukurasa wa hali wa kuwaonyesha wateja unatengenezwaje, sabudomeini uipe jina gani, na kama Zabbix, monita nyingine, ingekufaa zaidi. Nimesoma swali lako lote ila hapo pa kwanza ndipo moyo ulipolipuka, kwa sababu hicho unachotaka kufanya nilikifanya mimi neno kwa neno, na video yenyewe nadhani naijua.

(Kabla watu hawajaanza kuporomosha matusi kwenye uzi: hilo ni jina la programu, neno lake la pili ni Kijapani na maana yake ni dubu. Mimi mbele ya wateja naiita monita, basi.)

Desemba ya mwaka juzi nilikuwa nahudumia mfumo wa tiketi wa kampuni ya mabasi ya Dar kwenda Moshi na Arusha. Anayeijua njia ile anajua wiki ya kuelekea Krismasi ikoje, Wachaga wote wanapanda kwenda kuhesabiwa, siti zinaisha wiki mbili kabla na bado watu wanapiga simu kuomba hata kigoda. Mfumo ulikuwa unamruhusu abiria ashike siti mchana halafu alipe kwa simu kabla ya saa sita usiku, asipolipa siti inarudi dirishani. Kila kitu kilikuwa kwenye VPS moja yenye diski ya 80GB, na kwenye hiyohiyo nikaifunga monita kama ulivyopanga wewe. Nilijiona nimemaliza. Saiti zote kijani, asilimia mia, nikapiga picha ya skrini nikamtumia meneja.

Ijumaa moja usiku, kama saa tatu hivi, diski ilijaa. Sababu yenyewe ni kitu cha kijinga kabisa: kontena la malipo lilikuwa linaandika kila ujumbe kwenye logi (faili la kumbukumbu za matukio), na Docker usipoiambia kitu haiweki kikomo cha ukubwa wa logi, inaandika tu mpaka diski iishe. Wiki ile wateja walikuwa wengi kuliko kawaida, faili moja la logi likafika 61GB. Hapo MySQL, yaani databesi, ikagoma kuandika. Siyo kwamba ilizima, ilikuwa inajibu vizuri tu ukiiomba isome, lakini kuandika ikagoma.

Sasa nisikilize hapa taratibu maana hapa ndipo hela yangu ilipozikwa. Monita ilitakiwa ipige kelele, siyo? Haikupiga, kwa sababu tatu zilizofungana. Ya kwanza, hiyo programu inahifadhi matokeo yake kwenye faili la SQLite (databesi ndogo ya faili moja), na faili hilo lilikuwa kwenye diski ileile iliyojaa, kwa hiyo nayo ikashindwa kuandika ikaganda pale ilipo, rangi ya mwisho kuionyesha ni kijani. Ya pili, nilikuwa nimeiambia ikikuta tatizo initumie imeili, na imeili yenyewe ilikuwa inapita Postfix (programu ya kutuma na kupokea barua) ya hiyohiyo seva, na Postfix ikikosa nafasi kwenye diski inakataa kupokea barua yoyote. Kwa hiyo hata ingejua isingeweza kusema. Ya tatu, nilikuwa nimeielekeza iangalie ukurasa wa mwanzo tu, na ukurasa wa mwanzo nilishauweka kwenye kache ya Cloudflare, yaani nakala inayotolewa na seva zao badala ya yangu, kwa hiyo hata mimi ningefungua saiti usiku ule ningeiona inang'aa. Mlinzi, kengele na mlango vyote nilivijenga kwenye ukuta mmoja, ukuta ukaanguka.

Mimi nilikuwa nimelala.

Usiku huo abiria waliokuwa wameshika siti mchana wakaendelea kulipa. Hela ikakatwa kwenye simu zao, ikaingia kwa kampuni, ujumbe wa malipo ukaja kwenye seva yetu, seva ikashindwa kuuandika, ukarudiwa mara kadhaa halafu ukaachwa. Alfajiri mawakala wakafungua dirisha na karatasi waliyochapisha jioni, wakaona siti zile hazijalipiwa, wakaziuza upya. Na kwa sheria ya mfumo hawakukosea, siti isiyolipiwa hadi saa sita inauzwa.

Simu yangu iliita saa kumi na moja na dakika ishirini. Meneja hakusalimia. Akaniuliza, "Kijana, mfumo wako uko wapi?" Nikafungua monita nikiwa bado kitandani, kijani tupu, nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba mfumo uko sawa bosi, labda ni mtandao wa hapo Mbezi. Hilo jibu ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hela. Mtu yuko kituo cha mabasi cha Magufuli kazungukwa na abiria wanaopiga kelele, mimi namwambia kila kitu kiko sawa kwa sababu kitu nilichokifunga mwenyewe kimeniambia hivyo.

Walikuwa watu 43. Kuna mama alikuwa na watoto wawili na mfuko wa zawadi, ameshika simu anamwonyesha kila aliyevaa sare ujumbe wa kulipa, na kwenye siti yake kakaa mtu mwingine ambaye naye ana tiketi halali. Nilimwona kwa macho yangu maana niliitwa nikaenda na bodaboda. Wengine walipata basi mchana, wengine kesho yake, wengine waliondoka na kampuni nyingine kwa bei ya kuruka. Nauli zao zikarudishwa, 43 mara 48,000, shilingi 2,064,000, na zilitoka mfukoni kwangu kwa sababu ndivyo mkataba ulivyosema. Januari mkataba wenyewe ukakatwa, ulikuwa 350,000 kila mwezi. Yote hayo niliyapata kwa kukwepa VPS ndogo ya pili ya kama elfu kumi na tano kwa mwezi.

Na siyo kwamba sikuuliza. Niliuliza kwenye grupu, kuna jamaa mkubwa tu kwenye hizi kazi akanijibu kwamba VPS ya pili kwa ajili ya monita ni kutupa hela, "weka hapohapo, inakula RAM kidogo sana." Ni kweli inakula RAM kidogo. Ila mimi sikumuuliza RAM! Na mwalimu wa video naye, dakika kumi anaonyesha jinsi ya kuifunga, anaongeza saiti tano, zote kijani, anaomba watu wasabskraibu anaaga. Hakuna hata mmoja katika hawa walimu anayeizima seva mbele ya kamera tuone kitakachotokea. Mtu anayefundisha king'ora bila kukiliza mara moja anafundisha kupamba ukuta. Nina hasira nao kwa sababu wanaofuata video zile ni vijana wanaoanza, wana mteja mmoja au wawili, na huyo mteja akiondoka hakuna mwingine.

Usidhani ni ushamba wetu peke yetu. Tarehe 28 Februari 2017 Amazon walipata hitilafu ya S3, huduma yao ya kuhifadhi mafaili, kule Virginia, mhandisi aliandika amri kimakosa ikaondoa seva nyingi kuliko alivyokusudia, na ukurasa wao wa kuonyesha hali ya huduma ukashindwa kubadilishwa kwa sababu mfumo wa kuuendesha ulikuwa unaitegemea hiyohiyo S3. Wakabaki kuwatangazia watu kupitia Twitter. Kama wao yaliwakuta, wewe na VPS yako ya 4GB utaponea wapi?

Kwa hiyo kanuni ninayoishi nayo sasa ni moja: monita isichangie kitu chochote na kile inachokilinda. Nikisema chochote namaanisha chochote. Diski, ndiyo, lakini pia kampuni ya hostingi, kwa sababu kampuni ikipata tatizo la mtandao zote mbili zinapotea pamoja. Akaunti nyingine kwenye kampuni ileile haihesabiki. Domeini, kwa sababu ukisahau kulipia domeini na imeili ya taarifa iko kwenye hiyohiyo domeini hutasikia kitu. Hata kadi ya benki unayolipia, usicheke, kuna rafiki yangu seva zake zote mbili zilisimamishwa siku moja kwa sababu kadi moja iliisha muda wake. Kaa chini na karatasi, kila kitu unachokitegemea kiandike, halafu jiulize hiki kikifa leo monita inakufa nacho? Ukijibu ndiyo mara moja tu, hamisha.

Na usiniambie utaiweka kwenye laptop ya zamani nyumbani. Luku ikiisha au umeme ukikatika imekwisha. Na unakumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima intaneti ikawa ya kubembeleza? Monita iliyokaa Tabata siku ile ingekwambia seva zako zote za Ulaya zimekufa na zilikuwa nzima kabisa. Tafuta VPS ndogo, RAM 1GB inatosha, kampuni nyingine, ikiwezekana nchi nyingine. Ukiifunga hakikisha /app/data umeiwekea volyumu (hifadhi inayobaki nje ya kontena), la sivyo siku ukibadilisha kontena unaanza moja, na volyumu hiyo isiwe ya NFS (diski ya kupitia mtandao), wenyewe waliotengeneza wanakataza. Poti 3001, ndiyo mlango wa monita, ifunge kwenye 127.0.0.1 (anwani ya ndani ya seva yenyewe) halafu weka nginx mbele ipokee wageni na ruhusu websoketi (muunganisho unaobaki wazi), la sivyo ukurasa utafunguka halafu utazunguka tu. Usiitegemee ufw (ukuta wa moto wa seva) kuificha hiyo poti, poti zinazofunguliwa na Docker zinapita pembeni ya ufw, wengi hawalijui hili.

Taarifa peleka Telegram, siyo imeili unayoihosti mwenyewe. Unaongea na BotFather, boti ya Telegram ya kutengenezea maboti, anakupa tokeni (ufunguo wa boti yako), unaiweka kwenye monita, dakika tano. Kisha ingia kwenye simu yako ile chati ya boti iruhusu kulia hata simu ikiwa kimya, kwa sababu taarifa ya saa nane usiku inayosomwa saa mbili asubuhi ni habari ya msiba. Sehemu ya kurudia majaribio weka mara tatu, usiache sifuri, maana mtandao ukikohoa kidogo utaamshwa bure, na ukiamshwa bure wiki moja utaizima mwenyewe.

Halafu achana na kuangalia ukurasa wa mwanzo. Tengeneza ukurasa mdogo, mimi wangu nauita /afya, unaoandika mstari mmoja kwenye databesi, unausoma, unaufuta, vyote vikifaulu unatoa neno SALAMA. Hakikisha haupiti kwenye kache. Monita ichague aina ya kutafuta neno, neno lisipoonekana ilie. Kama ningekuwa na huo ukurasa kwenye VPS nyingine usiku ule, saa tatu na dakika tano ningeshaamka, ningelifanya tupu lile faili la logi, yule mama angekaa kwenye siti yake. Na kikomo cha logi kiweke leo, kwenye faili la /etc/docker/daemon.json andika max-size ndani ya log-opts, ukishaweka anzisha Docker upya na kontena zitengeneze upya maana zile za zamani hazikifuati.

Bakapu nazo zina aina yake inaitwa Push, yenyewe inageuza mambo: siyo monita inayoenda kuuliza, ni seva yako inayoripoti. Mwisho wa skripti ya bakapu unaweka amri ya curl iite anwani uliyopewa, usiku ambao haikuripoti unaitwa. Na monita yenyewe nayo nani anailinda? Mimi kila dakika tano VPS ya monita inaripoti Healthchecks.io, huduma ya nje inayopokea ripoti kama hizo, ambayo ina kifurushi cha bure na haichangii kitu na mimi. Ikinyamaza wao ndio wananiamsha.

Ukimaliza kufunga usipige picha ya skrini kama mimi. Subiri usiku, wateja wakiwa wamepungua, ingia kwenye seva ya saiti uizime MySQL makusudi, weka simu kimya uiweke mezani, washa saa uhesabu. Ikilia, iwashe MySQL. Kesho yake zima VPS ya monita yenyewe uone kama Healthchecks watakuita. Rudi hapa uandike ilichukua dakika ngapi kila moja, na kama haikulia weka hapa mipangilio yako yote tuipitie mstari kwa mstari, niko macho leo.