Uliza Shangazi: Waya unanikatikia, na masikio ya wateja yanawasha

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi nasoma UDOM mwaka wa pili, nimependa sana hereni za waya na shanga nikaanza kujifunza kwa vidio za simu, ila kila nikikunja kitanzi waya unakatika, na zikitoka salama hazifanani, moja kubwa ingine ndogo. Natumia waya wa kufungia nondo na plaizi nimeazima kwa fundi umeme. Ninunue vifaa vyote au niache tu? Bumu lenyewe limeshaisha.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache, ila huo waya wa nondo weka pembeni leo leo, ule ni chuma, unashika kutu, utamchafulia mtu shingo na gauni. Anza na shaba. Na hata hela nyingi huhitaji, nenda kwa mafundi wanaofunga umeme kwenye hizi nyumba zinazoota kila siku Ilazo na Nzuguni, wana vipande vya nyaya vinabaki, waombe, chuna plastiki ndani unakuta shaba. Ule wa 1.5 (hiyo ni milimita za mraba) wenye uzi mmoja una unene kama milimita 1.4, kwa sikio ni mnene mno ila kwa bangili na kuzoesha mkono hauna shida. Kwanza kwangua kidogo na wembe maana kuna nyaya feki siku hizi, juu shaba ndani nyeupe. Na sumaku ya spika mbovu ikiuvuta basi ndani ni chuma, achana nao.

Wa ndoano za hereni unataka milimita 0.8, ndo ule wanaoandika geji 20, na wa kupitisha kwenye shanga ndogo ni geji 24 au 26. Hapo watu wanachanganya kweli, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba, na shanga nazo hivyohivyo, 11/0 ni kama milimita 2 wakati 6/0 ni kama 4, sasa unaagiza Kariakoo kwa simu unaletewa vitu haviingiliani unaanza kulaumu muuzaji. Waya mwembamba waulize pia wanaowaindi mota, wanao wa kila unene, ila ule umepakwa vanishi, usiuchome moto, moshi wake mbaya.

Kuhusu kukatika: hata shaba ukiikunja, ukaikunjua, ukaikunja tena palepale inakakamaa, ukizidisha inakatika. Kwahiyo kunja mara moja, ukikosea kata kipande anza kingine. Ule wa kuchuna ukishakakamaa uweke kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu kwa mbali, utumbukize kwenye maji, unarudi laini kabisa. Utatoka mweusi, usishtuke, limau na chumvi vinautakatisha.

Sasa kitanzi chenyewe, maana hereni nzima iko hapo. Ukishapitisha shanga, lalisha waya pembeni uwe kama kona ya daftari, kata ubaki kama sentimita moja, kamata ncha na plaizi ya midomo ya duara, zungusha mkono mpaka ncha iguse shingo, pale ulipoulalisha. Hiyo midomo ni minene shinani na myembamba nchani, ukikamata juu kitanzi kidogo, ukikamata chini kikubwa, ndo maana zako hazifanani! Chukua maka peni chora mstari kwenye mdomo wa plaizi, kamata hapohapo kila mara. Na ukitaka kukifungua usikipanue, sukuma ncha moja mbele ingine nyuma kama unavyofungua mlango, ukikipanua umbo halirudi. Plaizi ya fundi umeme ina meno, inakwaruza, izungushie plasta kwanza. Cha kununua ni hiyo ya duara tu, vingine azima.

Na wakikucheka hosteli waambie misafara ya karne ya 19 ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikuwa haipiti Ugogo, yaani hukuhuku Dodoma, bila kuwalipa watemi hongo, ushuru wa njia, na hongo yenyewe ilikuwa nguo, shanga na waya.

SWALI: Habari dada, nauza hereni za shaba pale Majengo, wateja wawili wamerudisha, mmoja kidole kimekuwa kijani kwa pete, mwingine masikio yanawasha yamevimba. Tatizo ni moja? – Mama wawili, Nkuhungu

JIBU: Nzuri mama wawili, pole. Hapana, ni mawili tofauti. Kijani ni shaba imekutana na jasho, inaoshwa kwa sabuni inaisha, mwambie avue pete akifua. Unaweza kupaka rangi ya kucha ile ya maji isiyo na rangi, inasaidia ila inabanduka, mwambie mteja ukweli kabisa asije akarudi na kelele. La kuwasha ndo la kuangalia, mara nyingi ni nikeli, imo kwenye zile ndoano za bei chee zinazong'aa kama fedha. Ulinunua ndoano za pakiti eeh? Shanga zako waya zako endelea nazo, badilisha ile sehemu inayoingia sikioni tu, weka fedha ya 925 au titani, bei ipande kidogo. Huyo aliyevimba mrudishie hela yake, na kama panatoa usaha aende zahanati. Na aliyetoboa juzi usimuuzie ya shaba hata akikubembeleza.

SWALI: Shangazi, yale mawe ya kijani ya Haneti naweza kuyafunga kwa waya nikauza? – Kondoa

JIBU: Hayo mawe ndo krisopresi, yanapendeza mno na shaba, ila madini huwezi kuokota au kununua kwa mtu barabarani, nunua kwa mwenye leseni na risiti uitunze. Jiwe halijatobolewa? Lizungushie geji 20 kama fremu, halafu lishone na geji 26.