Chagua Kijiji Chenye Treni: Kwa Ndugu Anayetaka Kujifunza Skii Uswisi

Binamu yangu wa Mombasa anakuja Uswisi mwezi wa pili, na ameniomba nimpeleke akajifunze skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa vipande virefu vyembamba vinavyofungwa miguuni. Nimemjibu kwa ujumbe mrefu wa sauti, kisha nikaona heri niyaandike na hapa, maana kila msimu wa theluji maswali ni yaleyale kutoka kwa ndugu na jamaa tulio nao huku na wanaotutembelea kutoka nyumbani.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilivaa skii mara ya kwanza nikiwa na miaka 34, katika kijiji cha Wengen, jimbo la Bern. Ninalomwambia kila mtu kabla ya yote ni hili: usitafute mlima mkubwa, tafuta kijiji, na kijiji chenyewe kiwe na treni.

Siku yangu ya kwanza rafiki wa kazini, mzaliwa wa milimani, alinipandisha moja kwa moja hadi Kleine Scheidegg, mita 2,061 juu ya usawa wa bahari. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Lakini aliyejifunza skii akiwa na miaka mitatu hakumbuki kwamba kuna siku hakujua. Akaniambia, "Hii ni njia ya buluu, rahisi." Huku njia hupangwa kwa rangi: buluu kwa wanaoanza, nyekundu kwa waliozoea, nyeusi kwa mafundi. Asichoniambia ni kwamba hata buluu inamdai mtu awe tayari anajua kusimama. Niliteleza hatua chache nikaanguka. Nikainuka, nikaanguka tena. Mapaja yakaanza kutetemeka, pumzi ikawa fupi, na mlima Eiger umesimama pale juu, ukuta mweusi wa jiwe na barafu, kilele chake karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Nikakaa chini kwenye theluji nikalia.

Kilichonitoa pale ni reli. Treni ya Wengernalp imekuwa ikipanda mlima huo tangu 1893: inatoka Lauterbrunnen bondeni, inapita Wengen, inafika Kleine Scheidegg, kisha inateremkia Grindelwald upande wa pili. Katikati ya reli kuna chuma chenye meno, na gurudumu lenye meno chini ya behewa linang'ata humo, ndiyo maana haitelezi hata kwenye mwinuko mkali. Njiani kuna vituo vidogo kama Wengernalp na Allmend. Tulivua skii, tukazibeba begani, tukatembea ukingoni mwa njia hadi Wengernalp. Treni ikaja. Nikaketi kwenye kiti chenye joto karibu na bibi aliyekuwa na mbwa wake, na muda mfupi baadaye nikawa kijijini salama.

Tangu siku ile nimeelewa thamani ya treni kwa mwanagenzi. Mahali kwingine ukishapandishwa juu, wa kukushusha ni miguu yako, na miguu ya mtu anayeanza huchoka mapema kuliko anavyodhani. Wengen unaweza kusema "leo basi" popote kilipo kituo, na hakuna wa kukuuliza kwa nini.

Kijiji chenyewe kiko mita 1,274, kwenye uwanda unaopata jua, juu ya bonde la Lauterbrunnen. Gari la kawaida halifiki. Unaliacha Lauterbrunnen, unapanda treni, na ukishuka unakuta mikokoteni ya umeme ya kubebea mizigo na nyumba za mbao zilizoungua kwa jua hadi zikawa rangi ya kahawa iliyokaangwa. Watu husalimiana njiani: "Grüessech." Itikia. Ni kama kwetu tu, kumpita mtu mzima kimya si adabu. Na katikati ya kijiji, si juu mlimani, upo uwanja wa mteremko mdogo wa kujifunzia. Hapo ndipo nilipopaswa kuanza, na hapo ndipo binamu yangu atakapoanza, apende asipende, siku mbili nzima. Ulizia pia tiketi ya uwanja huo peke yake. Ya mlima mzima inapita faranga 70 kwa siku kwa mtu mzima, na mwanagenzi hana matumizi nayo.

Sasa viatu. Ukiwa na pesa kidogo, usizimalizie kwenye koti la kupendeza. Koti unaweza kuazima. Kiatu kisichokutosha kitakuharibia kila kitu, na wengi wetu tunakosea kwa kuchagua kikubwa ili "mguu upumue". Kiatu cha skii kinatakiwa kibane. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti, vidole virudi nyuma na kisigino kikae palepale bila kunyanyuka. Vaa soksi moja tu kila mguu, ndefu na nyembamba. Usivae mbili, hata kama baridi inakutisha, kwa sababu mkunjo mmoja wa kitambaa ndani ya kiatu kile unakuwa kidonda kabla ya adhuhuri. Suruali ya ndani isiingie humo, iishie juu ya kiatu.

Dukani watakuuliza urefu, umri na uzito. Sema uzito wa kweli. Najua dada zangu wengi wanaona haya kuutaja mbele ya kijana wasiyemjua, hata mimi niliona haya nikapunguza kilo nane. Hesabu hiyo ndiyo anayotumia kukaza kile kishikizo kinachoshika kiatu kwenye skii, ili kiachie unapoanguka kabla goti halijapata jeraha. Ukidanganya, aidha skii itachomoka bila sababu kama ilivyokuwa ikinichomoka mimi, au itakataa kuachia wakati unapoihitaji iachie.

Halafu mwalimu. Si rafiki, si mume, si shemeji. Ndugu akikufundisha, wewe utaona haya kusema unaogopa na yeye ataona haya kukurudisha nyuma. Mwalimu wangu alikuwa mzee mwenye mikono mikubwa na Kiingereza kidogo. Saa nzima ya kwanza alinifundisha jambo moja: ncha za skii mbele zikaribiane, mikia nyuma iachane, kama paa la nyumba. Ukitaka kupunguza mwendo, panua mikia. Ukitaka kwenda kushoto, weka uzito mguu wa kulia. Jambo la pili lilinichukua siku mbili, kwa kuwa linapingana na akili ya mwili. Ukiona mteremko, mwili unataka kurudi nyuma, kama mtu anayeshuka ngazi zenye utelezi. Ukirudi nyuma, skii zinakutoroka. Inabidi uegemee mbele, kule kule unakokuogopa. Mzee akapiga magoti kwenye theluji, akagonga ugoko wangu kwa kidole, akasema, "Hapa. Kila wakati, hapa." Maana yake ugoko ubonyeze ulimi wa kiatu. Nilipouhisi ule mbonyeo kwa mara ya kwanza, skii zilinitii, na nilifika chini ya uwanja nikiwa nimesimama. Sitaisahau siku ile.

Kanuni moja ya njia za skii huku: aliye chini yako ndiye mwenye haki ya njia. Wewe uliye juu unamwona, yeye hakuoni. Na ukitaka kupumzika, sogea pembeni, usisimame penye kona.

Dada wenye nywele za kusuka, helmeti haikai juu ya fundo. Suka mistari iliyolala, iishie chini shingoni. Sisi wa hijabu, vaa ile nyembamba ya kubana kichwa, helmeti juu yake, na ncha zake uzifiche ndani ya koti zisinase kwenye lifti ya kupandia mlimani. Na usidanganyike kwamba ngozi nyeusi haiungui huku. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, kwa hiyo unapigwa kutoka juu na kutoka chini. Paka mafuta ya kukinga jua mpaka chini ya kidevu, na midomo usiisahau.

Chakula pia kina mambo yake. Wenyeji watakukaribisha fondue, jibini iliyoyeyushwa kwenye chungu, mnachovya mkate pamoja. Ni chakula cha ushirika kama sinia letu la pilau, lakini kwa asili hupikwa kwa divai nyeupe. Raclette ni jibini na viazi, ila uliza viungo. Rösti ni viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa, vitamu sana na yai juu. Sema "ohne Speck", wasiweke nyama ya nguruwe.

Epuka wiki ya Januari ya mashindano ya skii ya Lauberhorn, yanayofanyika hapo Wengen tangu 1930. Kijiji hufurika na vyumba hupanda bei. Njia yao ya kasi ina karibu kilomita 4.5, ndefu kuliko zote katika Kombe la Dunia la skii, na washindi huimaliza kwa kama dakika mbili na nusu, wakipita chini ya reli ileile iliyonibeba mimi. Kuyatazama ni raha. Kujifunza wiki hiyo si raha.

Siku miguu ikigoma, shukia Grindelwald uone velogemel, baiskeli ya mbao yenye skii badala ya magurudumu, iliyobuniwa hapo 1911. Nilipoiona mara ya kwanza niliwaza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo za Goma, Kongo: watu wa milima miwili tofauti, mbao zilezile, haja ileile ya kuteremka na mzigo.

Kabla hujasafiri, soma bima yako. Bima nyingi za viza haziorodheshi michezo ya theluji wala kuokolewa mlimani, na helikopta si bure. Andika kwenye simu namba mbili: 144 ya gari la wagonjwa, na 1414 ya Rega, waokoaji wa angani.

Na ifikapo saa tisa alasiri, acha. Jua linajificha nyuma ya mlima, theluji iliyolainika mchana inaanza kuwa barafu, na mapaja yameshachoka ingawa moyo bado unataka. Mtu atakwambia "mara moja ya mwisho." Mwache aende. Wewe nenda kituoni, panda treni, fungua vifungo vya viatu kimoja kimoja kuanzia juu, na uache miguu ipumue hadi Wengen.