Nyumba mpya ina nyufa, mkandarasi anasema "inatulia": nani anawajibika?

Mleta mada, umesema nyumba haijamaliza mwaka, kuna ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha la sebule, bafu la ghorofani linalowesha dari ya chini, na mkandarasi amekujibu kwamba nyumba "inatulia", atamleta fundi apige lipu na rangi. Wengi hapa juu wamekushauri ukubali yaishe. Nimesimamia ujenzi wa nyumba za kuishi kwa miaka mingi, kwanza upande wa wakandarasi, baadaye upande wa wenye nyumba, na mimi nakushauri kinyume chake. Usiruhusu mtu apake kitu chochote juu ya ufa huo kabla hujajua umetoka wapi. Ukishazibwa, ushahidi wako umezibwa nao.

Nyumba kutulia ni jambo la kweli. Lipu na zege hupoteza maji na kusinyaa, kwa hiyo miezi ya mwanzo utaona nyufa nyembamba zisizofika milimita 1, zimetapakaa ukutani bila mpangilio. Hizo ni kazi ya fundi rangi. Ufa wa mshazari kwenye kona ya dirisha, au unaoshuka kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali, ni habari nyingine. Mara nyingi unamaanisha upande mmoja wa msingi umeshuka kuliko mwingine: udongo wa kujazia chini ya jamvi (sakafu ya zege) haukushindiliwa, au ni udongo wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi, au bomba linavuja chini na kuulainisha. Uwezekano mwingine ni kwamba lenta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, haikuingia vya kutosha ukutani. Chora alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, weka rula kando yake upige picha, kisha rudia kila baada ya wiki chache. Angalia pia kama ni mpana zaidi juu au chini. Ukiona unaendelea kukua, au dirisha limeanza kukwama, hapo unahitaji mhandisi wa miundo, na awe mtu ambaye hakuhusika kabisa na nyumba yako.

Kwenye bafu ndiko uwajibikaji unakopotelea zaidi, na nimeliona likitokea nyumba baada ya nyumba. Nakumbuka moja ambayo fundi wa kuzuia maji alisema bomba limetobolewa, fundi bomba akasema vigae vimewekwa vibaya, fundi vigae akasema yeye alikuta sakafu tayari. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Tulipobandua vigae tukakuta tabaka la kuzuia maji limeishia sakafuni, halikupandishwa ukutani hata kidogo, na limekatwa kuzunguka tundu la kutolea maji ili bomba lipite, halafu hakuna aliyerudi kuliziba. Jaribio la kuzuia tundu, kujaza maji sakafuni na kuyaacha saa 24 kabla ya kuweka vigae lingeonyesha kasoro hiyo mapema. Halikufanyika. Hakuna picha iliyopigwa, hakuna aliyesaini kwamba hatua hiyo imekaguliwa, na mafundi wote walikuwa wameshalipwa. Mwenye nyumba aligharamia kubomoa na kujenga upya, ingawa hakuwa na kosa lolote pale.

Kasoro zinazoumiza sana katika nyumba huzaliwa katika yale masaa machache kabla ya kitu kufunikwa: mitaro ya msingi kabla ya zege, nondo kabla ya zege, mabomba kabla ya lipu, tabaka la kuzuia maji kabla ya vigae. Kikishafunikwa, kila mtu anaweza kusema chochote. Kuna nyumba nyingine ambayo mwenyewe alikataa zege kumwagwa mpaka nondo zikaguliwe. Tukakuta ringi za boriti, yaani vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo kwa kuzizunguka, zimeachana mno karibu na nguzo, pale pale nguvu inayotaka kuikata boriti inapokuwa kubwa, na nondo za chini zimelala juu ya mbao za fomu bila vipande vya kuzinyanyua. Mafundi walirekebisha siku ileile, zege ikamwagwa kesho yake. Zingezikwa vile, unyevu ungezifikia, na nondo ikishika kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Hayo huja baada ya miaka, wakati mkandarasi hata namba yake imebadilika.

Sasa kuhusu haki yako. Angalia mkataba. Mikataba mingi ya ujenzi ina kipindi cha kurekebisha kasoro, aghalabu miezi 6 hadi 12 tangu ukabidhiwe, na sehemu ya malipo inayozuiliwa, kwa kawaida asilimia 5 au 10. Kama bado umeishikilia pesa hiyo, usiiachie kwa maneno. Kipindi hicho kikiisha, mkandarasi atakuambia wajibu wake umekwisha. Si lazima awe sahihi. Kile ni kipindi cha yeye kurudi kurekebisha mwenyewe. Wajibu wa kasoro iliyofichika huendeshwa na sheria za nchi, na nyingi hutoa muda mrefu zaidi. Ufaransa na Misri, kwa mfano, humbana mjenzi na msanifu kwa miaka 10 kwa kasoro zinazohatarisha uimara wa jengo, hata kama chanzo ni ardhi yenyewe. Yaani "udongo ulikuwa mbaya" si utetezi pale, kwa sababu kuujua udongo ni sehemu ya kazi yao, na naona hiyo ni haki kabisa. Uingereza, kwa sheria ya usalama wa majengo ya 2022, ilirefusha muda wa kudai kwa nyumba zisizofaa kukaliwa kutoka miaka 6 hadi 15, na 30 kwa zilizokamilika kabla ya sheria hiyo kuanza kutumika. Wazo lenyewe ni la kale: sheria za Hammurabi, zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, zilimtaka mjenzi ambaye ukuta wake unaelekea kuanguka auimarishe kwa gharama yake mwenyewe.

Muda mrefu hausaidii kitu kama wa kumshtaki hayupo. Kampuni inaundwa kwa mradi mmoja, nyumba zinauzwa, kampuni inafungwa, wenyewe wanafungua nyingine kwa jina jipya. Jambo hili linanikasirisha kuliko ufundi mbovu, maana fundi mbovu anaweza kufundishwa. Huko Sydney, Australia, wakazi wa jengo la Opal Tower walihamishwa mkesha wa Krismasi 2018 baada ya nyufa kutokea katika jengo ambalo halikuwa na mwaka tangu likamilike. Mwaka 2020 jimbo la New South Wales, uliko mji huo, lilipitisha sheria zinazowataka wataalamu waliosajiliwa watie saini zao kwenye michoro ya sehemu muhimu, na mamlaka zikapewa uwezo wa kuzuia cheti cha kuruhusu watu kuingia katika jengo lenye kasoro kubwa. Jina la mtu, kwenye hatua maalumu, kabla ya watu kuhamia. Hapo ndipo kampuni haiwezi tena kuwa pazia.

Niwe mkweli kwa mkandarasi pia. Kama uliongeza ghorofa au tangi la maji ambalo halikuwemo kwenye mchoro, kama ulimwondoa mhandisi kupunguza gharama, au ulilazimisha kuta zipandishwe kabla zege haijamwagiliwa maji siku 7, sehemu ya mzigo ni yako, na mhandisi yeyote atayaona hayo.

Kama hakuna lolote la hayo, mwandikie. Usipige simu. Eleza kila kasoro ilipo, ulipoiona mara ya kwanza, ambatanisha picha, mpe tarehe ya kuja kukagua, na mwombe aeleze kwa maandishi chanzo kabla ya tiba. Nakala mpe msanifu na mhandisi waliosaini michoro. Bafuni, fungeni tundu na mjaze maji wote mkiwepo. Akikataa kuja, mlete mhandisi wako aandike ripoti kabla hujabandua kigae hata kimoja, halafu upeleke ripoti hiyo kwa mwanasheria na kwenye bodi iliyomsajili mkandarasi. Picha za nondo na msingi ulizopiga wakati wa ujenzi, hata zile za simu ulizomtumia ndugu yako, zitafute sasa hivi.