Kabla ya Kulipia Giaboksi ya Muncie, Hesabu Meno

Wapenzi wa magari ya zamani ya Marekani hupenda kusema kwamba giaboksi za manyuo za General Motors za miaka ya 1960 zinaingiliana zote, na kwa upande wa bolti hawakosei, kwa kuwa Saginaw ya gia nne na Muncie, iliyopewa jina la mji wa Indiana ilikotengenezwa, hufungwa kwenye kasha la klachi kwa bolti nne zilizopangwa sawasawa. Nami niliangalia bolti tu. Saginaw ya gari langu la Chevrolet Chevelle la 1968 ilipoanza kuruka gia ya tatu, nilinunua Muncie iliyotoka kwenye gari la 1972, nikalipa palepale bila hata kufuta grisi kwenye shafti zake.

Nilipoijaribu klachi pleti kwenye shafti ya mbele, ilikataa kuingia. Unene wa shafti ni uleule, inchi 1 na 1/8, ndiyo maana jicho hudanganyika; lakini kwenye shafti hiyo Muncie za kawaida hadi 1970 zina meno 10 mapana (mifereji inayoshikana na pleti), na kuanzia 1971 zina meno 26 membamba. Nyuma nako meno yalipanda kutoka 27 hadi 32, kwa hiyo ncha ya propela yangu haikufaa. Kwa bahati nzuri, ncha ya meno 32 ni ileile ya giaboksi ya otomatiki ya Turbo 400, hivyo haiadimiki. Pima tu krosi yake (kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiunganisha na propela) kabla ya kuinunua. Kwa upande wa klachi nilibadilisha pleti peke yake, presha pleti ikabaki ileile.

Ukishahesabu meno, uliza uwiano wa gia, maana M20 na M21, aina mbili za Muncie, ni vigumu kuzitofautisha kwa nje. Gia ya kwanza ya M20 ya miaka hiyo ni 2.52, ya M21 ni 2.20. Ukizidisha na uwiano wa difu, 3.08 kama yangu, gia ya kwanza ya M20 inakupa takriban 7.8 magurudumuni na ya M21 inakupa 6.8, na tofauti hiyo utaisikia kila uondokapo kwenye kilima huku klachi ikinuka. Kwa gari la kutembelea mjini, chagua M20, hata kama wauzaji wanaisifu zaidi ile nyingine. (Aliye na gari lililozaliwa otomatiki aangalie kwanza kama tundu la nyuma ya krenki limechongwa kupokea bushi ya shafti.)

Lililonichelewesha zaidi ni fimbo za kubadilishia gia. Kwenye Saginaw mikono yote mitatu iko kwenye kifuniko cha ubavuni, ilhali kwenye Muncie mkono wa rivasi uko nyuma, kwenye mkia, kwa hiyo fimbo za zamani hazifai. Nikisubiri seti mpya, niliendesha wiki mbili bila rivasi, nikiegesha pale tu ambapo ningeweza kutokea mbele.