Boriti yangu haipindi inavyotakiwa: kosa ni la CalculiX?

SWALI: Nimeanza kutumia CalculiX, programu huria ya kukokotoa mkazo na kupinda kwa vitu. Meshi, yaani umbo lililogawanywa vipande vidogo (elementi), natengeneza kwa Gmsh. Nimejaribu boriti ya chuma ya urefu wa mm 200, upana mm 20 na kimo mm 10. Upande mmoja imebanwa, upande wa pili inabeba N 100 kwenda chini. Programu inasema ncha inashuka mm 0.3, mimi kwa mkono napata 0.76. Je, programu huria hazifai kwa kazi za maana?

JIBU: Hesabu yako ya mkono ni sahihi: PL³/3EI (P ni mzigo, L urefu, I ni upana × kimo³ / 12), ukiweka E, yaani ugumu wa chuma, ya MPa 210,000, inatoa mm 0.762. Tatizo liko kwenye meshi. Fungua faili la .inp, lile CalculiX inalolisoma, kama maandishi ya kawaida, utafute mstari unaoanza na *ELEMENT. Sitashangaa ukikuta C3D4, yaani tetrahedroni (piramidi ya nyuso tatu na kitako) ya nodi 4, pointi za konani, kwa sababu ndiyo Gmsh hukupa usipoiambia vinginevyo.

Ndani ya C3D4 mkazo ni uleule kila mahali. Boriti yako inavutika juu na kugandamizwa chini. Elementi moja iliyojaza kimo chote itaonyeshaje yote mawili? Haiwezi, basi inashupaa, na boriti nzima inakuwa ngumu kuliko chuma chenyewe. Tengeneza meshi upya hivi:

gmsh -3 -order 2 boriti.geo -o boriti.inp

Sasa utapata C3D10, yenye nodi 10, ambayo kingo zake zinaweza kupinda. Hata ukiacha ukubwa wa elementi ulivyokuwa, jibu litasogea karibu kabisa na 0.76. (Ukikuta pia elementi za CPS6 kwenye faili, zifute. Ni za uso tu, na zitakusumbua.)

Kwenye mkazo kuna mtego mwingine. Kwa mkono, mkazo wa juu kabisa ni MPa 60, pale ilipobanwa. Programu itaonyesha zaidi kwenye kona za hapo, na kila ukipunguza ukubwa wa elementi namba inazidi kupanda. Usiikimbize, haina kikomo: uso uliozuiwa kabisa kusinyaa huzalisha mkazo wa namna hiyo konani. Soma mkazo mm 20 kutoka pale ilipobanwa, ulinganishe na MPa 54.

Kuhusu kazi za maana: CalculiX iliandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig, wahandisi wa MTU Aero Engines, kampuni ya injini za ndege ya Ujerumani. Ila haijui vipimo. Ukitumia mm na N, mkazo hutoka kwa MPa, na densiti ya chuma lazima iwe 7.85e-9, yaani tani kwa mm³. Mimi niliwahi kuandika 7850, masafa ya mtetemo yakatoka madogo mara milioni moja, na mchana mzima nikawa nailaumu solva, yaani programu inayokokotoa.