Mtoto akisema "wakimbizi ni wezi"

Maneno hayo mtoto hakuyatunga. Ameyaokota sebuleni, dukani au kwenye daladala. Ukimfokea atanyamaza mbele yako, kisha akayarudie kwa wenzake. Muulize taratibu: nani kaiba? Ulimwona, au uliambiwa? Aliyekuambia, yeye alimwona? Mara nyingi maswali yanaishia kwa mtu mmoja, au hayamfikii yeyote.

Wakubwa wengi hukosea kwa kukimbilia upande wa pili, wakamwambia kwamba wakimbizi wote ni watu wema. Mtoto wa Kasulu, mkoani Kigoma, anaujua ugomvi wa kuni kati ya kambi za wakimbizi na vijiji. Ukimficha hilo, hata la kweli utakalosema baadaye hatalishika. Mwambie wazi kwamba wapo wanaoiba, kama walivyopo kijijini kwenu, na anayeshtakiwa ni aliyeiba, si jirani yake.

Kwa darasa la nne na kuendelea, anzeni na kisa cha wakimbizi waliowahi kuishi Tengeru. Kabla hujaeleza lolote, wape dakika kumi wachore mkimbizi, halafu kusanya karatasi. Tarajia mtu mweusi, nguo zimechanika, furushi kichwani. Sasa simulia bila kutaja taifa: askari wanagonga mlango usiku, familia inafungasha harakaharaka, inapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa mbali, kwenye baridi kali na kazi ngumu. Baadaye wanaachiwa, wanapitia Iran, wanapanda meli, na mwaka 1942 wanaanza kufika Tanganyika, wengi wao wanawake na watoto. Uliza: hawa ni watu gani? Wakishataja nchi zote wanazozijua, waambie ni Wapolandi, walioondolewa kwao na utawala wa Stalin, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, mwaka 1940 na 1941. Karibu 5,000 waliishi Tengeru, jirani na Arusha, na makaburi yao yapo hadi leo. Darasa litapiga kelele, liache lipige.

Lakini usiwaage hapo. Wapo watakaoondoka na wazo kwamba ukimbizi si aibu kwa kuwa hata Wazungu uliwapata, na hiyo ni dharau ileile imebadilisha nguo. Waongezee Januari 2001, watu zaidi ya 2,000 walipokimbia Pemba baada ya vurugu za kisiasa na kuvuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Mwanzoni mwa 2008 Wakenya nao walivuka mpaka kuingia Uganda. Ndipo mfike Nyarugusu, kambi ya mkoani Kigoma iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikapokea pia Warundi wengi kuanzia 2015. Ukianza na kambi, watoto watasikiliza habari za watu wengine tu.

Zoezi la mkoba linapendwa, na huharibika kirahisi. Kila mtoto aandike vitu vitano atakavyobeba akiambiwa akimbie kwao ndani ya dakika tano. Wataandika simu, mpira, biskuti, msiwakemee. Kisha sema gari limejaa, kila mmoja afute viwili. Hapo uliza: nani kabeba cheti cha kuzaliwa? Dawa za bibi? Mdogo wako atabebwa na nani? Kwenye cheti kaa kidogo, kwa sababu asiye na karatasi za shule anaweza kurudishwa madarasa ya chini japo alishayamaliza. Waeleze pia kwamba shule za Wakongo kambini Tanzania hufuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Milio ya bunduki, kujificha chini ya madawati na kuwafungia mlango, hapana kabisa: wadogo hutishika, wakubwa hugeuza mchezo, na huenda yupo anayeikumbuka ile ya kweli.

Kama darasani mna mtoto mkimbizi, zungumza naye na mzazi wake siku chache kabla, faraghani. Asisimamishwe kusimulia, na akitaka kutokuwepo apewe kazi nyingine bila maswali. Akijitolea mwenyewe kusema, aseme anachotaka na akome anapotaka.

Kuhusu kuchangisha nguo za kuwapa wakimbizi, kipimo ni kimoja: kama usingempa binamu yako, usiiweke kwenye boksi.

Mwanafunzi mgeni akipokelewa shuleni, mpangie mwenzake wa wiki mbili. Usichague mwanafunzi bora wa darasa. Chagua mwongeaji mwenye marafiki wengi, kwa sababu kazi yenyewe ni kumwonyesha vyoo vilipo, kengele ya uji ni ipi, mwalimu gani hataki kuchelewa, na kumfundisha sheria za mchezo wa rede kama zinavyochezwa hapo shuleni. Siku ya tatu simama mbali wakati wa mapumziko uangalie. Kama mgeni anatumwa tu kuokota mpira, zungumza na yule mwenzake pembeni, na kesho yake mgeni awe wa kwanza kurusha.